Kima Wasio na Kidole Gumba

Kima mwekundu wa msitu wa Kindu hana kidole gumba. Mshike mkono umtazame: vidole vinne virefu, na pale gumba linapostahili kuwa pana uvimbe mdogo tu, kama chunjua. Nasema hivi mwanzo kwa sababu wajukuu zangu wamezoea kubisha, na mwenye kubisha aende akatazame kisha arudi. Mimi nilitazama. Na kwa sababu ya kidole hicho kisichokuwapo, kaburi la mama yangu lipo mpaka leo.

Nilikuwa mke kijana wakati huo, nina mtoto mmoja mgongoni na mwingine ardhini. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Kindu miaka kadhaa. Walikuja na bunduki. Sitasema walikuja na halua. Vijiji vya kando ya Lualaba vilihamishwa, chetu kimojawapo, tukawekwa karibu na boma lao tuwalimie mpunga. Mpunga ulikuwa mgeni kama wao. Leo mtu wa Maniema asipokula wali anasema hajala. Siku zile tuliona ni majani ya kulisha ndege. Mume wangu walimfanya mpiga kasia, wakampa kanzu na jina jipya, akawa mwungwana. Mimi nikawa mtwangaji nyumbani kwa bwana mkubwa, na huko ndiko nilikomkuta Bibi.

Bibi alikuwa mke wa bwana mkubwa, mzaliwa wa Unguja, mashamba ya kusini. Tuliposikia kwamba mke wa mwenye boma anakuja kutoka pwani tulidhani tutaona mtu aliyevikwa dhahabu mpaka puani. Akaja mwanamke mfupi, mweusi kuliko mimi, miguu imepasuka kwa mwendo, mdomo mwekundu kwa tambuu. Tambuu ilipomwishia alikasirika miezi mingi, kisha akazoea. Hakuwa na mtoto. Herufi hizi ninazoandikia alinifundisha yeye kwa mkaa juu ya ubao. Hakunifundisha nyingi, kwa hiyo ukiona nimekosa, mlaumu aliyepewa shule nzima akashindwa kuandika haya.

Siku moja tunapeta mpunga uani, ungo wake na ungo wangu, kima wakaanza kelele zao nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kipande cha msitu pale, kilichobaki baada ya sehemu nyingine kukatwa. Kijiji chetu cha zamani kilikuwa kando yake, kabla boma halijajengwa pale. Kima mwekundu halii kama wengine. Anakohoa, kisha anabweka, kisha wote wanafokeana kama wake wenza waliogombania mtungi. Bibi akasimamisha ungo wake.

"Hao wana rangi gani?" akaniuliza.

"Wekundu, Bibi. Mgongoni."

"Kwetu wako wekundu pia. Tunawaita kima punju. Nipeleke nikawaone."

"Na mpunga?"

"Mpunga hautapanda mti."

Nikampeleka. Walikuwa juu kabisa, mikia inaning'inia kama kamba za ndoo, wanakula majani machanga. Kima huyu hali matunda mabivu kama tumbili. Yeye ni majani, na matunda akiyala ni mabichi. Bibi aliweka mkono juu ya macho akatazama sana. Kisha akacheka peke yake.

"Siyo. Wa kwetu ana nywele nyeupe zimesimama kichwani na kuzunguka uso, kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Na pua na midomo ina rangi ya waridi. Huyu wenu uso wote mweusi kama chungu."

"Chungu cheusi ndicho kinachopika, Bibi."

"Nani kakataa? Nimesema si yule. Ni ndugu yake. Ana gumba?"

"Hana."

"Basi ni ndugu wa baba mmoja."

Njiani kurudi akanieleza habari za kwao. Akasema watu wa mashambani Unguja wanamwogopa punju kuliko nyoka. Wanasema ana sumu mwilini. Mbwa akimla ananyonyoka manyoya yote. Mti anaoshinda juu yake unanyauka, na chini yake hakuna anayepanda kitu. Tena anashuka mashambani, mahali palipochomwa, anaokota mkaa anautafuna kama mtu anayetafuna muwa.

"Mnyama anayekula mkaa, mwanangu, wewe utamwamini?"

"Na wewe Bibi unaamini hayo ya sumu?"

Akafikiri. Bibi alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, ndiyo maana nilimpenda. "Mimi sijapata kumla, wala sijapata kuona mbwa aliyenyonyoka. Lakini baba yangu hakupanda hata muhogo chini ya mti wao, na mimi ni mtoto wa baba yangu."

Nami nikamwambia kwamba kwetu watu wanamla kima mwekundu, na nyama yake wanaisifu, isipokuwa ukoo wetu. Kwetu sisi ni mwiko. Hakuniuliza sababu. Mtu mwenye mwiko wake haulizi wa mwenzake.

Basi mwaka ule bwana mkubwa alikuwa amesafiri kwenda Nyangwe, mume wangu akiwa mmoja wa wapiga kasia wake. Boma likabaki kwa nyapara. Nyapara naye alikuwa mtu wa Unguja, lakini wa mjini, fundi wa kusimamia watu. Alitaka bwana arudi akute shamba la mpunga limekuwa kubwa. Akatembea na shoka kandokando ya kile kipande cha msitu, akitia alama kwenye miti. Niliposikia shoka nikatoka kwenye kinu. Alama moja ilikuwa kwenye mti wa mama yangu.

Niwaeleze hapa, kwa sababu ninyi mmezoea makaburi ya siku hizi. Watu wetu hawakuweka jiwe. Mtu akifa alilazwa kwenye mizizi ya mti mkubwa, udongo ukasawazishwa, na mvua mbili tatu zikipita huoni kitu. Mti ndio kaburi. Ukienda kumwambia marehemu neno, unaweka mkono kwenye gome. Mti ukianguka, aliyelala pale hana tena mahali, na waliobaki hawana wa kusema naye. Mama yangu alikuwa pale. Na mtoto wangu wa kwanza, aliyekufa kabla hajaota meno, nilimlaza kwenye mzizi huohuo, kwa bibi yake, ili asilale na wageni.

Nikamwendea nyapara. Alikuwa ameegemea mti, anapumzika na watu wake.

"Nyapara, hapa iko makaburi."

"Yako wapi?"

"Umeyaegemea."

Akatazama chini, akazunguka mti, akarudi pale pale. "Naona mti."

"Njo kaburi." Kwetu "ndiyo" ni "njo".

"Kaburi lina kichwa na miguu, mama. Lina jiwe, au japo ubao. Mlipozika mbona hamkuweka alama?"

"Tuliweka mti."

"Uliupanda wewe?"

Watu wake wakacheka. Nikamwambia mama yangu hakuhitaji kupandiwa, aliukuta. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto.

"Kesho kutwa tunaangusha," akasema. "Ukitaka mifupa yako, chimba leo."

Kwetu maiti hachimbuliwi. Ni afadhali ulale njaa mwaka mzima. Lakini sitamsingizia yule mtu: hakuwa mkatili kupita wenzake. Alifundishwa kwamba kaburi ni jiwe, basi asipoona jiwe haoni kaburi. Mimi nami siku ya kwanza nilipoona makaburi yao, nilidhani ni mawe ya kunolea visu.

Sikulia. Kulia kunachosha mikono. Nilirudi uani nikachukua ungo, nikamwambia Bibi.

"Mwambie nyapara kwamba wale ni kima punju," nikasema.

"Siyo punju. Nilikwambia mwenyewe."

"Yeye hajui."

"Mungu anajua. Mimi ninaswali mara tano, wewe unataka niongeze uongo iwe ya sita?"

"Basi mzuie."

"Kwa amri ya nani? Mume wangu yuko Nyangwe. Nyapara akinitii mimi leo, bwana akirudi atamuuliza tangu lini boma linaongozwa na jikoni."

Tukaendelea kupeta. Makapi yakaruka, kuku wakaja. Nilikuwa natafuta njia kama unavyotafuta kijiwe ndani ya mchele, kwa vidole, bila kutazama.

"Bibi, wewe kesho kutwa usiseme uongo wowote," nikamwambia. "Njoo usimame tu. Nyapara akikuuliza neno, mjibu kweli tupu."

"Tupu?"

"Isiyotiwa hata chumvi."

Akanitazama sana. "Wewe mwanangu, ungezaliwa mwanamume ungekuwa na boma lako."

"Ningezaliwa mwanamume, Bibi, sasa hivi ningekuwa napiga kasia."

Siku ikafika. Wakata miti walikuja na mashoka yao, watu wa vijiji vya juu na vya chini ya mto, wengine nawafahamu tangu utoto. Nyapara alikuja na wenzake wa pwani, amevaa kanzu safi, maana alitaka kusimamia, si kukata. Bibi akaja na kaniki yake kichwani, akasimama kando yangu kama mtu anayesubiri zamu ya kisima. Mimi nilikuwa nimeweka mkono kwenye gome. Nilikusudia kumwonyesha nyapara wale kima juu na kumwambia atazame mikono yao vizuri. Ila kima wenyewe walinitangulia.

Shoka la kwanza lilipopiga, wale wa juu walishtuka wakaanza kukohoa na kuruka, na kima akishtuka haombi ruhusa. Mkojo ukashuka kama mvua ya kifuku. Kanzu ya nyapara ikaupokea wote.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu akakuta kitu cha kutazama kwingine. Mzee mmoja wa mashoka akasema taratibu, "Baraka ya asubuhi, nyapara."

Nyapara akachukua bunduki, akapiga. Kima mmoja akaanguka, tawi kwa tawi, mpaka chini. Nyapara akamsukuma kwa mguu, akamwambia yule mzee, "Mbebe. Mtakula jioni." Mzee akamnyanyua kwa mkono mmoja. Kiganja kikaning'inia wazi mbele ya macho ya nyapara.

Nikamwona akikitazama. Akasogea. Akahesabu kwa macho, unajua mtu anapohesabu hata kama midomo haichezi.

"Weka chini," akasema.

Mzee akaweka. Nyapara akageuka, ndipo akamwona Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Huku si mahali pako."

"Marahaba. Nimekuja kutazama."

"Bibi, wewe ni mtu wa shamba. Mimi nimezaliwa mjini, hawa nimewasikia tu kwa wazee. Huyu siye yule wa..." Hakumaliza.

Bibi akainama, akashika mkono wa mnyama kwa ncha ya kaniki yake. "Hana gumba," akasema.

"Nimeona."

"Kwetu Unguja, mnyama niliyemwona hana gumba ni mmoja tu."

"Punju."

"Umemtaja wewe."

Nami nikadhani yamekwisha. Lakini Bibi alikuwa Bibi; nilimwambia kweli tupu, akaitoa yote mpaka sakafuni. "Ila huyu siye, nyapara," akasema. "Wa kwetu ana nywele nyeupe kichwani. Huyu hana."

Mkono wangu ukakaza kwenye gome. Sikumkasirikia, nilijua nimemwomba nini.

Nyapara akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote, kama kimemwagiwa unga. "Nilipotoka pwani nywele hizi zilikuwa nyeusi, Bibi," akasema. "Nchi hii inageuza nywele za watu, itashindwa za kima? Nywele hugeuka. Kidole hakigeuki."

Bibi akarudi kusimama kando yangu. Alikuwa amekwisha kusema kweli, na kweli ikisemwa mara moja si lazima uisukume kama mtumbwi.

Nyapara akawageukia wakata miti. "Ninyi mnamla huyu?"

Hapo ndipo mambo yangeweza kuharibika, maana walikuwa wakimla tangu babu zao. Yule mzee alitazama mti wa mama yangu, ambao watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi. Akatazama shoka lake, ambalo makali yake yalikuwa kama ya kijiko. Akatazama jua.

"Tunakula, nyapara," akasema. "Iko nyama muzuri sana."

"Huyu wa hapa?"

"Aa, wa hapa? Wa kule ngʼambo njo tunakula. Wa hapa hatujala bado. Uliza mwenye msitu."

Nyapara akaniuliza mimi. "Watu wa ukoo wako, mmepata kumla?"

"Hatujapata," nikasema. "Babu hakumla, mama hakumla, mimi sijamla."

"Kwa nini?"

"Njo mwiko wetu."

Akawageukia wenzake wa pwani akasema, "Mnasikia." Kisha akamuuliza Bibi kama mpunga unaweza kupandwa mahali kama hapa. Bibi akasema habari za mpunga hazijui, ila baba yake hakupanda hata muhogo. Ikawa imekwisha. Hakuna mtu aliyesema uongo pale, labda yule mzee kidogo, na yeye alikuwa na mgongo mbovu.

Nyapara alishuka mtoni akasugua ule mguu aliomsukumia kima kwa mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu. Shamba likahamishiwa bondeni. Jioni akapiga mbiu: mtu asikate kuni kwenye kile kipande cha msitu, asichume jani, asiokote kitu chochote cha kutia chunguni. Nilisikia mbiu hiyo nikiwa natwanga, na nikatwanga kwa nguvu zaidi, kwa furaha.

Sikufikiri wakati ule kwamba mbiu ilikuwa yangu pia.

Kwenye mizizi ile, mvua za kwanza zikinyesha, huota uyoga mweupe, mnene, unaonuka kama udongo mpya. Mama yangu alikuwa akiuchuma tangu mimi nikibebwa. Tuliula kwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na hakuna nyama iliyoushinda, hata ya waliokuwa wakila kila kitu. Mvua zilipokuja nilikwenda kufagia kwa mama kama desturi, nikaukuta umejaa mzizi mzima. Nikajaza kikapu. Nikatoka kwa njia ya mto.

Njiani nikakutana na mke wa nyapara. Alikuwa mwanamke wa kwetu, mtoto wa wavuvi wa upande wa Lokandu, amebeba mtungi wa maji. Mtu wa macho. Hakungoja hata salamu imalizike.

"Dada, iko nini mu kikapu?"

"Maisha tu."

"Onyesha maisha." Akachungulia. "Uyoga! Umetoa wapi?" Akatazama njia niliyotoka, na njia ile haitoki kwingine. Sauti yake ikashuka. "Dada, umetoa kule?"

Nilielewa kwa wakati uleule. Nikiupeleka nyumbani nikaula, kesho ataniona mzima. Atamwambia mumewe. Na mpunga wa bondeni mwaka ule ulikuwa umeliwa na maji nusu. Nyapara alikuwa akizunguka tena akitafuta mahali pakavu. Afya yangu ndiyo ingekata ule mti, haraka kuliko shoka.

Nikageuza kikapu. Uyoga wote ukamwagika njiani, nikaukanyaga mbele yake, mmoja mmoja, ukasagika ukawa tope.

"Yo, mama," akasema. "Mizuri hivi."

"Njo vile."

"Nilikuwa nataka kukuomba kidogo."

"Ungeomba vibaya."

"Umeushika kwa mikono?" Akashusha mtungi wake haraka. "Leta mikono. Nawa, dada, nawa." Akanimiminia maji yote, mpaka ya mwisho, na mimi nikanawa mpaka kwenye viwiko kama mtu anayejiandaa kuswali. Mtungi ukawa mtupu, ikabidi arudi mtoni. Nikamsindikiza, nikamtwika, kwa sababu alikuwa amenitendea wema wa kweli, na wema haupimwi kwa sababu yake.

Tangu siku ile sikuchuma tena pale. Kila mwaka nilifagia, nikaona uyoga unaota, unafunguka, unaoza, nikauacha. Wenye boma wakaja kuondoka, wazungu wakaja na mambo yao, nao wakaambiwa habari za msitu wenye sumu na watu waliozikuta hivyo. Mimi sikuwasahihisha. Mtu anayetaka kujua sumu iko wapi aende aonje.

Mume wangu alirudi kutoka Nyangwe wiki ile ile ya kikapu. Nilimpikia sombe. Alikuwa mtu wa kula taratibu. Alivunja tonge, akachovya, akatafuta ndani ya bakuli kwa macho, kisha kwa kidole.

"Mwaka huu uyoga haukuota?" akauliza.

"Umeota."

"Uko wapi sasa?"

"Kwa mama," nikamwambia.

Akanitazama kidogo, akavunja tonge jingine, akala.